Laptopu moja, mifumo mitatu: tumia mashine pepe, usikate diski

#1 MwanaMzizima

Habari za jioni wakuu.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu analia. Yuko chuo mwaka wa pili, mwalimu amewaambia muhula huu mazoezi yote ni ya Linux. Laptopu yake ilikuwa na Windows, na humo ndimo zilimokuwa kazi zake, nakala za hati ya kiwanja cha nyumbani na picha za msiba wa baba yetu. Akaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo amwekee mifumo miwili, iwe inamuuliza ikiwaka. Fundi akakata diski, akakosea partisheni (kipande cha diski), akamrudishia laptopu inayowaka vizuri kabisa, ina Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, peke yake. Tumekaa Tabata siku mbili usiku na mchana tunaokoa faili. Hati tumezipata. Picha zilikuwa zaidi ya mia mbili, tumepata kumi na moja.

Ndiyo maana naandika. Kama unataka kujifunza Linux, au kuna programu moja tu inayodai mfumo mwingine, huna sababu ya kugusa diski yako. Weka mashine pepe.

Mashine pepe ni kompyuta nzima inayoishi ndani ya kompyuta yako kama programu. Ina ramu yake, diski yake, kadi yake ya mtandao, hata baiosi yake (ile programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa). Mfumo uliopo kwenye laptopu tunauita mwenyeji, ule unaouweka ndani tunauita mgeni. Mgeni hajui kama yuko ndani ya dirisha, anadhani kapewa kompyuta yake. Na hiyo "diski" yake, ukiitazama upande wa mwenyeji, ni faili moja tu lenye jina kama debian.vdi. Mgeni akiharibika unalifuta hilo faili, ya kwako yako palepale.

Wazo lenyewe si jipya, IBM walikuwa wakigawa kompyuta moja kubwa kwa watumiaji wengi namna hii tangu miaka ya 1960. Kwa sisi wa laptopu za mtumba jambo lililobadilisha mambo ni prosesa. Intel walianza kuweka uwezo huu ndani ya prosesa zao mwishoni mwa 2005, wakauita VT-x, AMD wakafuata 2006 na AMD-V. Kwa hiyo hizi EliteBook, Latitude na ThinkPad za i5 tunazonunua Kariakoo zinao. Mara nyingi umezimwa tu kwenye baiosi.

Ninayoitumia mimi ni HP EliteBook 840 G3, i5 ya kizazi cha 6, ramu GB 8, diski ya SSD. Ndani yake nina Debian ya kazi, Windows 7 ya programu moja ya zamani, na Alpine ya kujaribia seva. Debian na Alpine nazo ni aina za Linux. Nilivyoanza:

Kwanza fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, tazama chini kulia palipoandikwa Virtualization. Kama ni Disabled, zima laptopu, washa huku unagonga F10 kama ni HP, ingia Advanced, kisha System Options, weka tiki kwenye Virtualization Technology, hifadhi. Kwenye mashine nyingi za AMD inaitwa SVM Mode. TAHADHARI: kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta na uandike ule ufunguo mrefu wa kufungulia KABLA ya kugusa baiosi. Laptopu inaweza kukuuliza ikiwaka, na usipokuwa nao utakwama nje ya faili zako.

Halafu pakua VirtualBox, programu ya kutengenezea mashine pepe, kwenye tovuti yake yenyewe, virtualbox.org. Ni programu huria, haikuombi namba ya kununulia wala kufungulia. Ukiona mtu anauza VirtualBox kwenye fleshi pamoja na "crack", kimbia.

Tengeneza mashine mpya, ichagulie ISO, yaani faili la kusakinishia mfumo. Hapa ndipo wengi wanakwama. Matoleo ya 7.0 na 7.1 yanataka kukusakinishia wenyewe bila kukuuliza. Weka tiki kwenye Skip Unattended Installation. Usipoweka na usipobadilisha kitu, utaingia kama mtumiaji vboxuser mwenye neno la siri changeme, na siku ya kwanza ukijaribu kusakinisha kitu Linux inakukatalia, eti huyu mtumiaji hana ruhusa ya sudo, yaani ya msimamizi. Nimeona vijana wanaacha Linux kabisa kwa jambo hili wakidhani ni wao hawaelewi.

Kuhusu ramu usiwe na tamaa. Mwenyeji akilala njaa, na mgeni hapati chakula. Kwenye GB 8 mimi nampa mgeni GB 3, prosesa 2, na nafunga kivinjari cha upande wa Windows ninapofanya kazi nzito. Ule mstari wa kuvuta una kijani na nyekundu, baki kwenye kijani. Mgeni wa Lubuntu au Debian yenye Xfce (sura nyepesi ya madirisha) anatosheka na hiyo GB 3. Ubuntu ya kawaida itafunguka, ila utaisikia inavuta miguu.

Diski chagua ile inayokua taratibu. Ukisema GB 30 haichukui GB 30 siku hiyo hiyo, inakua mgeni anavyojaza. Ila jueni kwamba haipungui yenyewe. Ukifuta filamu ya GB 5 ndani ya mgeni, faili la vdi linabaki na unene uleule.

Mwisho, ukishaingia, sakinisha Guest Additions. Bila hizo skrini inabaki kadirisha kadogo na huwezi kunakili maandishi kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Maswali karibuni, nitajibu yote ninayoyaweza.

---

#2 BintiMabibo

Shikamoo kaka, na poleni kwa zile picha. Mimi nimekwama mapema kabisa. Nimeweka VirtualBox, nikitaka kuchagua Ubuntu naona za 32-bit tu, za 64-bit hazipo kwenye orodha. Laptopu ni Dell, ramu GB 8.

---

#3 MwanaMzizima

Marahaba mdogo wangu, asante. Hiyo ni dalili ya VT-x kuzimwa. Dell unagonga F2 ikiwaka, tafuta Virtualization Support, washa, hifadhi. Kisha zima kabisa, subiri sekunde chache, washa upya. Anza na hilo, ukishindwa rudi hapa.

---

#4 MzeeWaKonso

Mkuu uzi mzuri, lakini nina hoja. Kwa nini unawaelekeza watu VirtualBox? Ile ni mali ya Oracle. Ilianzia Ujerumani kwa kampuni ndogo ya Innotek, wakaitoa kama programu huria Januari 2007, Sun wakawanunua 2008, Oracle wakamnunua Sun 2010. Kwenye Linux tunayo KVM, uwezo wa kuendesha mashine pepe, ndani ya kernel (kiini cha mfumo) yenyewe tangu toleo la 2.6.20 la Februari 2007. Hakuna moduli ya kujenga upya kila kernel ikisasishwa. Unaweka QEMU, libvirt na virt-manager, programu za kuiendesha na kuisimamia, unaendelea na kazi. Hata Google wanaendesha mashine za wateja wao wa wingu juu ya KVM. Mtu akijifunza KVM leo kwenye laptopu yake, kesho akikabidhiwa seva ya ofisi anajua aanzie wapi.

Na ile Extension Pack, kifurushi cha ziada cha VirtualBox, SI HURIA. Mwambieni mtu ukweli.

---

#5 MwanaMzizima

Mzee wangu, kwa mwenye Linux kama mwenyeji nakubaliana na wewe moja kwa moja, KVM ndiyo njia. Debian yangu ya mezani inaendesha KVM. Lakini huyu mwanafunzi ana Windows, hataki kuigusa, na KVM haipo kwenye Windows. VirtualBox ni ileile kwenye Windows na kwenye Linux, na mashine uliyoitengeneza huku unaihamishia kule. Kwa hatua ya kwanza sijaona mlango mpana kuliko huo.

La Extension Pack umefanya vizuri kulisema, nami nilipaswa kuliandika juu. Wakuu, sikilizeni: VirtualBox yenyewe iko chini ya leseni ya GPL. Kile kifurushi cha ziada kina leseni nyingine kabisa. Ni bure kwa matumizi binafsi, kwa masomo na kwa kujaribu, ila ofisini kinalipiwa. Na tangu toleo la 7.0 vitu vya USB 2 na USB 3 vimehamishiwa kwenye programu yenyewe, kwa hiyo wengi wetu hatukihitaji kabisa. Kama uko kazini usikipakue kwa mazoea.

---

#6 Karani_wa_Posta

Wakuu naomba msaada, maana hili linanihusu kazini. Sisi tunatoa mizigo bandarini, ofisi ndogo ya watu sita. Kompyuta zetu ni za kizazi cha 6 kama hiyo yako, Windows 11 inazikataa, na Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Bosi anataka tuhamie Linux kuliko kununua mpya sita. Kinachotukwamisha ni programu ya hesabu, ya zamani sana, aliyeitengeneza hapatikani tena, na inakubali Windows 7 tu. Hesabu za miaka tisa zimo humo. Hili la mashine pepe linatufaa au ni la wanafunzi?

---

#7 MwanaMzizima

Mkuu, hii ndiyo kazi ambayo mashine pepe inaifanya kuliko kitu kingine chochote, na nimeifanya mwenyewe kwenye duka moja la jumla. Nitakueleza kwa urefu.

Weka Linux kwenye kompyuta zote sita. Kwenye MOJA tu, ile yenye ramu nyingi na SSD, weka KVM na virt-manager. Hiyo 840 G3, kama ndiyo mliyo nayo, ina nafasi mbili za ramu na inafika GB 32, kwa hiyo kuiongezea hadi 16 ni kazi ya dakika kumi na bisibisi. Humo ndani umpe Windows 7 GB 2 hadi 3 na diski ya GB 40. Uwe na leseni halali ya hiyo Windows, maana mgeni naye anahesabiwa kompyuta inayojitegemea.

Sasa jambo la lazima: huyo mgeni ASIONE INTANETI. Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, ni nyumba isiyo na mlango. Kwenye virt-manager ondoa kabisa ile kadi ya mtandao. Kwenye VirtualBox ungeondoa tiki ya Cable Connected, ni kama kuchomoa waya kwa mkono. Faili za kuingiza na kutoa zipite kwenye fleshi iliyokwisha kukaguliwa upande wa Linux.

Pale dukani siku ya kuhamisha tulifanya hivi. Mama anayetunza vitabu alikaa kwenye kompyuta ya zamani, mimi nikakaa kwenye mpya, tukafungua mwezi uleule pande zote mbili. Yeye anasoma salio la kila mteja kwa sauti, mimi natia tiki kwa kalamu. Wateja themanini na kitu. Tulipofika kwa mmoja wa Mbagala, namba zikatofautiana. Ikaonekana nilinakili folda ya data huku programu upande ule bado iko wazi, rekodi za asubuhi ile hazikuwa zimeandikwa diskini. Tukafunga programu, tukanakili upya, tukaanza tena kwa mteja wa kwanza. Usiruke hatua hii, mkuu. Hesabu za miaka tisa ziangalie kwa macho na mtu anayezijua.

Na ile kompyuta ya zamani usiiuze. Iweke kabatini miezi mitatu.

---

#8 MzeeWaKonso

Nyongeza kwa Karani. Windows ikiwa mgeni wa KVM, diski na mtandao vinakwenda polepole mpaka uipe viendeshi (drivers) vya virtio, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe. Tatizo ni kwamba matoleo mapya ya vile viendeshi yameiacha Windows 7. Kwa programu ya hesabu mwachie diski ya aina ya SATA, inatosha. Mkikua mkawa na seva, itazameni Proxmox. Ni huria, inatoka Vienna, imejengwa juu ya Debian na KVM, unaisimamia kwa kivinjari. Ila kwa watu sita msikimbilie huko.

---

#9 Chui_wa_Ubungo

Mimi nataka Kali, ile Linux ya kujaribia usalama. Nimeona kuna watu wanaitumia kuingia kwenye wifi. Nitumie mtandao gani, NAT au Bridged?

---

#10 MwanaMzizima

Kaka, kujifunza usalama ni jambo jema na nchi inawahitaji watu hao. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitofautishi anayejifunza na mwizi. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama ni wifi ya jirani na hukuchukua kitu.

Mashine pepe ndiyo inayokupa uwanja halali. Tengeneza mbili: Kali, na Metasploitable 2 ambayo imetengenezwa makusudi ikiwa na matundu. Zote ziweke kwenye Host-only. Hapo zinaonana zenyewe na laptopu yako, basi. Kwa kawaida anwani zinaanza na 192.168.56. Ukiipiga Metasploitable mpaka ikafa, unairudisha ilivyokuwa na kuanza upya.

Kuhusu swali lako lenyewe: NAT inampa mgeni intaneti kupitia laptopu, lakini wa nje hawamwoni. Bridged inamtoa nje, anakuwa kama kompyuta nyingine kwenye mtandao wa nyumba nzima. Hiyo Metasploitable usiiweke Bridged hata siku moja. Unafungua mlango wa kwako kwa yeyote aliye kwenye wifi hiyo, na kwenye nyumba zetu za kupanga hamjui mko wangapi.

---

#11 mama_wa_kodi

Ramu GB 4 je? Laptopu ni Celeron.

---

#12 MwanaMzizima

Dada sitakudanganya, kwa Linux yenye dirisha na vitufe utateseka. Unaweza kuendesha Alpine au Debian isiyo na sura ya picha, ya kuandika amri tu, kwa MB 512. Kwa kujifunza amri na seva hiyo inatosha kabisa, na watu wazima kazini ndivyo wanavyoitumia. Ukipata fedha anza na ramu kabla ya kufikiria laptopu nyingine, ila kwanza hakikisha yako inaongezeka, Celeron nyingi ramu imegandishwa kwenye ubao.

---

#13 Salumu_Kigamboni

Umeme je? Mimi natumia kompyuta ya mezani. Jana umeme umekatika mgeni akiwa anasasisha, leo hawaki, anaishia skrini nyeusi yenye maandishi ya initramfs. Nilikuwa na snapshoti, ile picha ya mashine ya kurudia ilivyokuwa, lakini nimeogopa kugusa kitu.

---

#14 MwanaMzizima

Umefanya vizuri kutogusa. Kabla ya lolote, funga VirtualBox na unakili folda nzima ya hiyo mashine kwenye diski ya nje. Nzima, si lile faili la vdi peke yake, kwa sababu snapshoti zinakaa kwenye faili za pembeni na zinategemeana.

Ukishanakili, pale kwenye initramfs andika exit. Mara nyingi inakutajia partisheni iliyoumia, mathalani /dev/sda1. Kisha andika fsck -y ikifuatiwa na jina hilo. Ikimaliza andika reboot. Ikishindikana ndipo urudi kwenye snapshoti, ukijua kwamba ulichofanya baada ya hiyo snapshoti kitapotea.

Na hapa niseme kwa wote. Snapshoti ni alama ya kurudia ulipokuwa, SI NAKALA YA AKIBA. Diski ya laptopu ikifa, snapshoti zote zinakufa nayo. Mimi kila Ijumaa nazima wageni wote kwa utaratibu, nanakili folda zao kwenye diski ya nje, na ile diski inalala nyumba nyingine. Snapshoti nazo zisirundikane, mbili au tatu, nyingine futa kwa kutumia VirtualBox yenyewe. Usizifute kwa mkono kwenye folda, utaua mashine.

Kwa wa kompyuta za mezani: tafuta UPS hata ndogo. Umeme ukikatika, funga dirisha la mgeni na uchague Save the machine state. Anagandishwa alivyo na ramu yake inaandikwa diskini. Kwenye SSD hiyo haichukui muda, UPS ya dakika tano inakutosha kuwagandisha wote.

---

#15 Salumu_Kigamboni

fsck imemaliza, imewaka! Kazi zote zipo. Nakala ya kwanza ya akiba inaendelea hapa kwenye diski ya nje, imefika asilimia 40. Mungu akubariki kaka.

---

#16 BintiMabibo

Kaka, F2 imekubali, 64-bit zimetokea. Debian imewaka. Ila inakwenda polepole sana na chini kulia kuna alama ya kobe wa kijani. Ni virusi?

---

#17 MwanaMzizima

Si virusi. Huyo kobe anakuambia kwamba Windows imeishika VT-x kwanza kwa ajili ya Hyper-V, mfumo wake wenyewe wa mashine pepe, na VirtualBox inapita mlango wa nyuma. Nenda Windows Features, ondoa tiki kwenye Hyper-V, Virtual Machine Platform na Windows Hypervisor Platform. Kama kobe yupo bado, mwenye kumleta mara nyingi ni Memory Integrity, ile ya Core Isolation kwenye Windows Security. Hiyo ni kinga ya kweli ya kompyuta yako, kwa hiyo ukiizima ujue unachokizima. Jaribu kwanza hizo tatu. Kama unatumia WSL au Docker, usiziondoe, zinazitegemea, vumilia kobe wako.

---

#18 BintiMabibo

Kobe ameondoka kwa zile tatu, Memory Integrity sikuigusa. Nimepiga snapshoti ya kwanza nikaiita "safi kabla ya mazoezi". Sasa wenzangu wanne hapa hosteli wanataka, lakini bando la kupakua ISO kila mtu hatuna.

---

#19 MwanaMzizima

Msipakue kila mtu. Mmoja apakue Debian netinst, haifiki hata GB 1, wengine wanakili kwa fleshi, leseni inaruhusu. Ila jueni netinst huvuta vifurushi vingine mtandaoni wakati wa kusakinisha. Kwa hiyo wewe uliyemaliza fanya hivi: zima mgeni wako, nenda File, chagua Export Appliance, utapata faili moja la .ova. Wenzako wanaliingiza kwa Import Appliance, na dirisha linapouliza kuhusu anwani za MAC (vitambulisho vya kadi za mtandao) wachague zitengenezwe mpya. Kisha kila mmoja abadilishe neno la siri na jina la mashine siku hiyohiyo.

Kabla ya kuwapa, fungua Command Prompt andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Ile namba ndefu, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, iandike kwenye karatasi uifunge kwa raba kwenye fleshi. Kila atakayenakili alinganishe. Mdogo wangu nimempa fleshi ya namna hiyo jana, karatasi imo.